Mwalimu wa tuisheni si lazima awe amesomea ualimu
Wazazi wengi hapa Dar wanaamini kila anayefundisha tuisheni kasomea ualimu, jamani siyo hivyo. Wapo waliomaliza fom siksi mwezi wa tano wanasubiri chuo, wapo wenye digrii ya uhasibu ajira hazijatoka, na wapo walimu kabisa wa shule wanaojiongezea kipato jioni. Na divisheni wani siyo cheti cha kufundisha, binti yangu alifundishwa tuisheni na kijana mkali wa hesabu, anajaza ubao dakika tano halafu "mmeelewa?", mtoto anaitikia tu ndiyo. Aliyesomea ualimu kapita fildi, yaani mazoezi ya kufundisha darasani akikaguliwa, kafundishwa kutafuta mtoto kakwama wapi. Muulize kasomea nini, cheti akuonyeshe, kisha fungua daftari la mtoto uone anavyosahihisha.