Taasisi mtambuka: mtambuka nini?

Mara ya kwanza nililisikia neno hili, mtambuka, redioni, nikanyamaza. Mara ya pili lilikuwa kwenye bango la kitambaa lililofungwa kati ya miembe miwili, limeandikwa kwa herufi kubwa TAASISI MTAMBUKO, nikanyamaza tena, nikasema labda fundi wa mabango alikuwa na haraka. Mara ya tatu ni wiki iliyopita, kwenye kikao hapa Kigoma mjini. Mshereheshaji kashika kipaza sauti: "Ndugu wageni waalikwa, sisi tunataka taasisi mtambuka ya utafiti wa afya! Yaani huduma zote mahali pamoja. Macho, meno, moyo, kila kitu!" Ukumbi mzima makofi. Mama mmoja niliyekaa naye kiti kwa kiti akaniinamia: "Na magoti wataangalia, mwanangu?"

Nilifundisha Kiswahili miaka mingi kabla ya kustaafu. Kimya cha mara tatu kinanitosha.

Maana kwanza, tumalizane nayo. Taasisi mtambuka ya utafiti wa afya katika chuo kikuu ni chombo ndani ya chuo kinachowakutanisha watafiti wa fani tofauti, tuseme daktari, mtaalamu wa wadudu, wa takwimu, wa mifugo, wa mambo ya jamii, walifanyie kazi swali la afya ambalo hakuna mmoja wao anayeliweza peke yake. Humo wanafunzi wa shahada za juu hulelewa kazi hiyohiyo. Inaweza kushirikiana na hospitali, inaweza hata kupakana nayo ukuta, lakini hakuna anayeamka alfajiri kwenda kupanga foleni pale na kadi yake ya bima. Basi.

Sasa maneno yenyewe, moja baada ya jingine, maana udhia wote umo humo.

"Taasisi" tumelitoa kwenye Kiarabu, na ndugu zake tunao nyumbani siku zote: mwasisi, asasi, kuasisi. Shina lao ni kuweka msingi. Ndani ya neno hilo kuna msingi, paa halimo. Ndiyo maana taasisi ya chuo inaweza kuwa vyumba vitatu na kibao mlangoni, watafiti wake wengi wakiwa na meza zao kwenye idara walikoajiriwa, na bado ikawa taasisi kamili. Idara na ndaki, yaani vitengo vikubwa vya chuo, hujengwa juu ya somo, ilhali taasisi ya aina hii hujengwa juu ya swali. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kwa mfano, kina Taasisi ya Tiba Asilia. Mti mmoja ulioletwa na mganga hupita kwa mjuzi wa mimea aseme ni mti gani, kwa mkemia aseme una nini, kwa mfamasia aseme unafanya nini mwilini. Mganga mwenyewe naye ana lake la kusema, tena mara nyingi ndiye aliyeanza.

Na tusijifanye kana kwamba huku magharibi mwa Tanzania hatujawahi kuona taasisi ya utafiti. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina kituo chake Tabora. Hiyo ni ya taifa, si ya chuo kikuu. Haikuundwa ili kutoa digrii. Tofauti ndogo, lakini kwenye kikao kile zote mbili zilitajwa kana kwamba ni mtu na jina lake la utani.

"Utafiti" nalo lina historia yake. Wazee wa fani yangu mtakumbuka TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla haijaunganishwa mwaka 2009 na kuwa TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Uchunguzi! Wakati ule uchunguzi na utafiti yalikuwa maneno pacha, ukichukua hili au lile hakuna aliyekushangaa. Leo uchunguzi umehamia hospitali na kituo cha polisi. Ukimwambia mtu "njoo kwenye uchunguzi" anajua atatolewa damu au atatolewa maelezo. Kwa hiyo akisikia "utafiti wa afya" naye anakunja mkono wa shati. Simlaumu. Ila damu ya hospitali inatafuta jibu lako wewe, leo, ndipo uandikiwe dawa. Damu ya utafiti inatafuta jibu la swali, na jibu linaweza kuja baada ya miaka mitatu, tena likamhusu mtu wa Kibondo ambaye hujawahi kumwona. Ndiyo sababu ya ile karatasi ya ridhaa ambayo watu hutia sahihi bila kusoma.

Haya, tuje kwenye "mtambuka".

Nenda Kibirizi asubuhi, pale ufukweni zinapoondokea boti za kwenda hifadhi ya Gombe. Dagaa wameanikwa, nyavu zimetandazwa, kamba za mitumbwi zimekatiza mchangani kila upande. Huwezi kufika kwenye boti kwa kuburuza miguu. Unainua mguu, unaangalia utakapokanyaga upande wa pili, unaushusha. Hapo umetambuka. Neno hilo ni la kibantu hasa, na majirani zetu wa Rwanda wanalo vilevile, gutambuka, kupiga hatua. Muha hahitaji mkalimani hapo. Bibi yangu alikuwa mkali kwa mtoto anayetambuka miguu ya mtu aliyeketi mkekani, na ukali wake ulikuwa na mantiki: kutambuka hakutokei kwa bahati mbaya. Umeona kuna kitu, umejua ni cha nani, ukaamua kupita juu yake.

Tazama na umbo la neno. Kiswahili kina kawaida ya kumtaja mtenda kwa namna mbili. Akisimama peke yake humalizikia kwa -ji au -i: mchomaji, mwimbaji, mpishi. Akibaki na -a yake, huwa anadai mkia: mchoma mkaa, mlina asali, mkata kuni, mpiga ngoma. Huwezi kusema "yule ni mlina" ukanyamaza, watu watakungojea. Sasa "mtambuka" limeingia kwenye nyaraka za serikali na za vyuo, masuala mtambuka, kozi mtambuka, taaluma mtambuka, likiwa limekatwa mkia njiani. Watu wanalitamka, na hakuna anayengojea. Mtambuka nini?

Mtambuka mipaka. Mkia uliopotea ni huo, na pamoja nao imepotea maana. Maana kama hakuna mpaka, hakuna cha kutambuka, na kama umekaa upande wako wa mpaka, hata mkiwa fani ishirini chini ya bati moja, hamjatambuka kitu. Hospitali ya rufaa ina macho, meno na moyo. Daktari wa meno hamuulizi wa moyo afanye nini na jino, na ni heri kwetu sote. Hizo ni fani nyingi, zimepangwa kama vibanda vya sokoni Mwanga, kila mtu na meza yake. (Na "mtambuko" la kwenye bango lingekuwa jina la tendo, kama mvuko. Taasisi mvuko. Mnaona wenyewe.)

Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipofurika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, barabara hakuna, kipindupindu kilizuka. Waliofanya kazi ile walikuwa wa kila aina. Waganga walitibu, watu wa maji walihangaika na maji, mitumbwi ilipeleka watu hadi kwenye meli ya Liemba iliyotia nanga mbali kidogo na ufukwe, na Liemba ikawaleta mjini. Kila mmoja alifanya lake, na afadhali alifanya lake. Hakuna aliyehitaji nahodha atoe maoni kuhusu dripu. Fani nyingi, kazi moja, hakuna mtambuka hapo wala haukutakiwa. Nasema hivi ili isidhaniwe nalitukuza neno. Kutambuka kuna wakati wake.

Wakati wake ni kama ilivyokuwa Gombe. Sokwe wa kule wamefuatwa tangu mtafiti Mwingereza, Jane Goodall, aliposhuka pale Julai 1960, na waliokuja kuwafuata kila siku, kiota hadi kiota, ni watu wa vijiji vya jirani, wanaomjua sokwe kwa jina lake, mama yake na ugomvi wake wa mwaka juzi. Upande wa pili, Marekani, walikuwapo wataalamu wa virusi waliotaka kujua habari za SIV, ndugu wa VVU anayeishi kwa sokwe. Kwa miaka iliaminika kwamba virusi hivyo havimdhuru sokwe. Mtaalamu wa virusi peke yake asingeweza kukanusha: angepata virusi kwenye sampuli, asijue mwenye sampuli ameishia wapi. Mfuatiliaji wa sokwe peke yake naye asingeweza: angeona fulani amekonda, amekufa, asijue alikuwa na nini.

Kilichofanyika ni kuokota kinyesi na mkojo chini ya kiota asubuhi, bila kumchoma mnyama sindano, kuandika ni cha nani, kupeleka maabara, na kuoanisha majibu na daftari la maisha ya kila sokwe. Miaka tisa, sokwe zaidi ya 90. Mwaka 2009 matokeo yakatoka: wenye virusi walikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao wa umri wao wasio navyo, na baadhi ya mizoga ilionyesha kinga iliyobomoka kama ya mgonjwa wa UKIMWI. Angalia nani ametambuka nini. Mtu wa msituni amebeba chupa ya maabara. Mtu wa maabara amejifunza kumtegemea mtu anayejua kiota ni cha nani. Swali "je, virusi hivi vinaua?" halikuwa la upande wowote, lilikuwa katikati, pale kwenye kamba za mitumbwi.

Malale, ugonjwa wa usingizi, yana somo hilohilo, kwa upande wa Tabora. Aina yetu ya huku haimkai binadamu tu. Vimelea vyake hukaa kwa ng'ombe na kwa wanyama wa porini kama pongo, na mbung'o ndiye mbebaji. Wanaoumwa sana ni hao wenye mikia kamili: walina asali, wakata kuni, wawindaji, watu ambao kazi yao iko miomboni. Daktari ataona vimelea kwenye damu, au kwenye maji ya uti wa mgongo ugonjwa ukishafika mbali. Lakini kwa nini mbung'o wawe hapa kwa wingi? Hapo utamwendea mtu wa historia, akukumbushe sotoka ya mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliyofyeka ng'ombe. Malisho yakaota vichaka, na vichaka ndiyo nyumba ya mbung'o. Utamwendea mtu wa wadudu, akuonyeshe kwamba mbung'o hufuata kitambaa cha bluu na cheusi, ndiyo maana mitego hushonwa hivyo, kisha utazame mlina asali amevaa rangi gani siku hiyo.

Mwingereza hakuyajua yote hayo, lakini hata yeye aliona kwamba daktari hatoshi. Aliyepewa kuongoza utafiti wa mbung'o Tanganyika, kule Shinyanga, mwaka 1929, alikuwa Charles Swynnerton, bwana wanyamapori, si daktari. Alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938, na mbung'o mmoja ana jina lake hadi leo, Glossina swynnertoni. Pia serikali yake iliwahamisha watu wa huku magharibi kwa nguvu na kuwarundika kwenye makazi ya malale, bila kuwauliza wanaishije na pori. Mpaka mmoja huo haukutambukwa, wa kati ya mtaalamu na mwanakijiji, na ndio mgumu kuliko wa fani na fani.

Baada ya kikao nilimfuata yule mshereheshaji kwenye chai. Kijana mzuri, hodari, sauti anayo. Akaniamkia, nikamwitikia, nikamwambia sina ugomvi naye. Huduma zote mahali pamoja ni jambo jema, watu wa Kigoma wamechoka kusafirishwa hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, na akitaka kuliomba aliombe kwa jina lake: hospitali ya rufaa ya kanda. Ila akisema mtambuka, basi alipe neno mkia wake japo mara moja kwa siku, mtambuka mipaka ya fani, watu wajue ni maombi mawili tofauti.

"Mwalimu," akasema, "mtambuka lina mlio kwenye kipaza."

Kweli lina mlio. Sikuwa na la kumjibu.

Mama wa magoti nilimkuta nje anangoja bajaji. Nikamwambia, mama, kwa magoti nenda hospitali ya Maweni, ndiko waliko madaktari. Wale wa taasisi wakija hawataanza na goti. Watakuuliza umepanda na ndoo ya maji kilima kipi, kwa miaka mingapi, ukiwa na mtoto mgongoni au bila.

"Hayo nitawajibu," akasema, akiingia kwenye bajaji kwa kuinua mguu mmoja kwa mikono miwili. "Na soda watatoa?"