Mwandishi anayeambatana na jeshi: maana yake na namna ya kusoma habari zake

Mwandishi anayeambatana na jeshi ni mwanahabari wa kiraia aliyepewa nafasi rasmi ndani ya kikosi kimoja vitani. Anakula wanachokula askari, analala walipolala, anapanda magari yao na kutuma habari akiwa katikati yao. Hana cheo wala haruhusiwi kubeba silaha, na mshahara wake unatoka kwenye gazeti au kituo chake cha televisheni. Lakini usalama wake, usafiri wake na sehemu kubwa ya anachokiona viko mikononi mwa watu anaowaandika. Utaratibu huu ndio ulioleta picha nyingi za uvamizi wa Iraki mwaka 2003, na jeshi la Kenya nalo lilichukua waandishi lilipoingia Somalia mwaka 2011. Asiyeujua huchanganya kwa urahisi mambo mawili: kuwajali askari anaowaona kwenye habari, na kuiamini habari yenyewe.

Wamarekani hawakuubuni kwa mapenzi ya uwazi. Vietnam, waandishi walizunguka karibu watakavyo, wakidandia helikopta za jeshi kwenda na kurudi, na vita vilipokwenda mrama maofisa wengi walibaki wakiamini kwamba televisheni ndiyo iliyowavunja moyo raia nyumbani. Walipovamia Grenada Oktoba 1983 wakawafungia waandishi nje siku za mwanzo. Vita vya Ghuba mwaka 1991 vikaja na mtindo wa makundi: waandishi wachache wanasindikizwa na ofisa, wanaonyeshwa walichopangiwa, habari inakaguliwa, kisha wanagawana na wenzao waliobaki hotelini. Habari nyingine zilifika vita vikiwa vimeshasogea mbali. Waandishi walilalamika, na baadhi ya makamanda pia, maana vikosi vyao vilipigana jangwani bila kuonekana na mtu.

Ndipo Februari 2003 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikatoa mwongozo wa kuwapachika waandishi vikosini. Zaidi ya 600 walipata nafasi wakati wa uvamizi, wakiwamo wa nchi nyingine. Baadhi yao walikuwa wamepitia kwanza mafunzo ya wiki moja katika kambi za jeshi: kuvaa kinyago cha gesi, kulala chini risasi zikianza, kufunga jeraha.

Masharti yenyewe

Nafasi ilitolewa kwa chombo cha habari, si kwa mtu; chombo ndicho kilichochagua nani aende. Mwandishi alisaini hati ya kutoishtaki serikali akiumia au akifa. Jeshi lilimpa usafiri, chakula, mahali pa kulala na kumwazima mavazi ya kujikinga na silaha za kemikali. Gari lake mwenyewe hakuruhusiwa kuja nalo. Kifungu hiki kinaonekana kidogo, ila ndicho kilichoamua mengi: asiye na gari haendi kuangalia kombora lilipoangukia.

Mahojiano na askari yalikuwa ya wazi, kwa majina yao. Hapakuwa na ukaguzi wa jumla wa habari kabla ya kutumwa. Kilichokatazwa ni taarifa za aina fulani: mipango ya mashambulizi yajayo, mahali hasa kikosi kilipo, idadi kamili ya askari katika vikosi vidogo, na sura ya mateka inayoweza kumtambulisha. Jina la askari aliyeuawa lilizuiwa mpaka familia yake iwe imejulishwa au saa 72 zipite, lolote litakalotangulia. Kamanda aliweza pia kuzuia habari kwa muda, operesheni ikiendelea. Aliyetaka kuondoka aliondoka, lakini hakuhakikishiwa kurudi.

Masharti mengi kati ya haya ni ya haki kabisa. Hakuna mama anayestahili kujua kifo cha mwanawe kwenye taarifa ya habari ya saa mbili, na anayetangaza kikosi kilipo anakiweka kwenye shabaha. Mwisho wa Machi 2003 Geraldo Rivera wa Fox News alichora ramani mchangani mbele ya kamera kuonyesha kikosi alichokuwa nacho kilipo na kinapoelekea. Jeshi lilikasirika, naye akaondoka Iraki. Hapo jeshi lilikuwa sahihi. Kuhoji habari za vita hakuanzi kwa kudai kila siri ianikwe.

Kinachoharibika

Tatizo kubwa ni upeo wa macho, si udhibiti. Mwandishi aliye ndani ya msafara wa vifaru anaona vumbi, anaona kijana wa miaka 19 aliyekosa usingizi, anasikia mzinga ukifyatuliwa. Kombora linatua kilomita kadhaa mbele, na yeye hayupo huko. Kila anachosema ni kweli, lakini ni kweli ya upande mmoja wa bunduki. Utafiti uliofanywa Marekani na Project for Excellence in Journalism kuhusu siku za mwanzo za vita hivyo ulikuta kwamba karibu nusu ya habari za televisheni za waandishi hawa zilihusu mapigano, na hakuna hata moja iliyoonyesha mtu akipigwa na silaha iliyofyatuliwa.

Dawa yake ingekuwa waandishi wengine kusimama upande wa pili. Hao ndio waliolipa gharama. Terry Lloyd wa ITN ya Uingereza, aliyekuwa akisafiri kwa kujitegemea, aliuawa karibu na Basra tarehe 22 Machi 2003. Uchunguzi wa mahakama nchini mwake mwaka 2006 uliamua kwamba aliuawa kinyume cha sheria kwa risasi za Wamarekani. Tarehe 8 Aprili kifaru cha Marekani kilipiga Hoteli ya Palestine mjini Baghdad, ilikojulikana wazi kuwa waandishi wamepanga, na wapiga picha wawili wakafa. Kazi ya nje ikiwa hatari kiasi hicho, wahariri hupeleka watu ndani, na mizani inaegemea upande mmoja bila mtu kutoa amri.

La pili ni deni la moyo. Anayekukinga risasi usiku, asubuhi ni vigumu kumwandika vibaya. Dalili yake huonekana kwenye lugha: mwandishi anaanza kusema "tumesonga mbele", "tumeshambuliwa". Ukisikia hivyo jua anaegemea wapi, hata kama yeye mwenyewe hajatambua.

Lakini uongo mkubwa wa vita vile haukutoka kwa waandishi wa vikosini. Ulitoka kwenye ofisi zenye viyoyozi. Jessica Lynch, askari wa miaka 19, alitekwa Nasiriyah tarehe 23 Machi 2003 msafara wake ulipopotea njia. Maofisa ambao hawakutajwa majina waliwaambia waandishi mjini Washington kwamba alipigana mpaka risasi ya mwisho. Ukweli ni kwamba aliumia gari lake lilipogonga, na bunduki yake ilikwama. Hakufyatua hata risasi moja. Ni yeye mwenyewe aliyeliambia Bunge la Marekani Aprili 2007 kwamba hadithi ile ya ushujaa haikuwa kweli. Mwaka mmoja baada ya Lynch, Pat Tillman, mchezaji maarufu wa kandanda ya Kimarekani aliyeacha mamilioni akajiunga na jeshi, aliuawa Afghanistan kwa risasi za wenzake kwa makosa. Familia iliambiwa kwamba ameuawa na adui, akatunukiwa nishani ya ushujaa, akafanyiwa ibada ya kumbukumbu hadharani. Wiki tano zilipita kabla hawajaambiwa ukweli.

Askari na habari ni vitu viwili

Hapa ndipo kaulimbiu ya "tuwaunge mkono wanajeshi wetu", iliyoenea Marekani na riboni zake za njano tangu vita vya 1991, inapohitaji kupasuliwa. Ndani yake mna mambo matatu yaliyofungwa pamoja: kuwajali watu waliovaa magwanda, kukubali uamuzi wa kuwapeleka vitani, na kuamini taarifa ya makao makuu. Mtu anaweza kuwa na la kwanza bila ya la pili, na bila ya la tatu kabisa. Familia ya Tillman haikupunguza upendo wake kwa mwanao ilipokataa hadithi iliyopewa.

Tena mara nyingi anayefaidika na maswali ni askari mwenyewe. Desemba 2004 askari mmoja aliyekuwa Kuwait akisubiri kuingia Iraki alimuuliza Waziri wa Ulinzi Donald Rumsfeld, hadharani, kwa nini wanalazimika kuchokoa vyuma chakavu majalalani ili kuyapa deraya magari yao. Wenzake walishangilia. Swali hilo lilikuwa limeandaliwa kwa msaada wa mwandishi wa gazeti la mji wa Chattanooga, Marekani, aliyeambatana na kikosi hicho. Kuna waliomlaumu mwandishi kwa kumtumia askari. Mabomu ya barabarani, hata hivyo, yalikuwa yakiwakata miguu watu ndani ya Humvee, magari ya jeshi la Marekani, zisizo na kinga, na suala hilo halikuweza tena kufichwa. Februari 2007 gazeti la Washington Post likaeleza jinsi majeruhi wa vita walivyokuwa wakiishi kwenye vyumba vyenye ukungu na panya katika jengo la hospitali ya kijeshi ya Walter Reed. Waandishi wa habari hiyo hawakuomba ruhusa ya jeshi kuingia. Waziri wa Jeshi la Nchi Kavu alijiuzulu. Riboni ya njano haijawahi kufanya kazi hiyo.

Kenya: Somalia na Nairobi

Operesheni Linda Nchi, ya jeshi la Kenya (KDF) dhidi ya wapiganaji wa al-Shabaab nchini Somalia, ilipoanza Oktoba 2011, Kenya haikuwa na mazoea ya vita vya nje vya aina hiyo, na waandishi wake pia hawakuwa nayo. Wachache walichukuliwa na KDF kuingia kusini mwa Somalia, wakirudi na picha za magari ya deraya yaliyozama kwenye matope ya mvua za vuli. Habari nyingine nyingi zilitoka kwa msemaji wa jeshi, Meja Emmanuel Chirchir, aliyekuwa akitumia Twitter. Alitaja miji kumi ambayo ingeshambuliwa, na akawaonya watu kwamba makundi makubwa ya punda wenye mizigo yatahesabiwa kuwa shughuli za al-Shabaab. Januari 2012 akaweka picha za mtu akipigwa mawe, kana kwamba ni Mkenya aliyeuawa wakati huo. Picha zilikuwa za mwaka 2009. Waliomuumbua mapema ni wapinzani wake wa al-Shabaab wenyewe, waliokuwa na akaunti yao ya Kiingereza. Taarifa mbovu ya jeshi humpa adui nafasi ya kuonekana mkweli, na hiyo ni hasara ya kivita.

Ndege za Kenya ziliposhambulia mji wa Jilib, Somalia, tarehe 30 Oktoba 2011, jeshi lilisema limewaua wapiganaji kumi. Madaktari Wasio na Mipaka walihesabu watu watano waliokufa, watatu kati yao watoto, na majeruhi 45 kutoka kambi ya wakimbizi wa ndani. Hakuna mwandishi aliyekuwa na kikosi angeweza kuona hilo. Aliyeliona ni daktari.

Kwenye ugaidi mijini hali ni tofauti, kwa kuwa mwandishi hahitaji kibali kufika. Jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi liliposhambuliwa Septemba 2013, serikali ilizungumzia washambuliaji kati ya 10 na 15. Kamera za jengo zilionyesha wanne. Desemba 2014 ikapitishwa sheria ya usalama iliyotishia faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka mitatu kwa kuchapisha picha za waliouawa au kujeruhiwa zinazoweza kuleta hofu. Mahakama Kuu ilikifuta kifungu hicho Februari 2015. Mimi naona mahakama ilitenda haki, ila wahariri bado wana kazi: New York Times ilipochapisha picha ya maiti za shambulio la hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi Januari 2019, hasira ya Wakenya ilikuwa ya haki. Kosa la uungwana hutibiwa kwa kukemewa na kuwajibishwa na wenzako wa taaluma, si kwa jela.

Kusoma habari ya vita

Anza na mahali alipo mwandishi. "Kutoka Kismayo" na "kwa mujibu wa msemaji" hazina uzito sawa, hata zikiwa chini ya jina lilelile. Tafuta kama imeelezwa kuwa safari ilipangwa na jeshi. Chombo makini husema hivyo. Kisha angalia idadi. Vifo vya upande wa jeshi husika hupunguzwa au hucheleweshwa, vya adui huja mapema vikiwa tarakimu za mviringo, bila majina, bila miili. Kambi ya Wakenya ya Kulbiyow, Somalia, iliposhambuliwa Januari 2017, KDF ilisema imepoteza askari tisa na kuua wapiganaji zaidi ya 70. Al-Shabaab walisema wameua Wakenya zaidi ya 50. Katika hali hiyo usichukue wastani. Subiri chanzo cha tatu: hospitali, mazishi, bunge, familia.

Wakati mwingine chanzo hicho hakiji kutoka serikalini. Kambi nyingine ya Wakenya nchini Somalia, El Adde, ilishambuliwa tarehe 15 Januari 2016, na Kenya haijatoa hesabu rasmi ya askari wake waliokufa. Rais wa Somalia wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja kati ya 180 na 200; Nairobi ikakanusha bila kutoa namba yake. Desemba 2017, kambi ya walinda amani ya Semuliki huko Kivu Kaskazini iliposhambuliwa, Umoja wa Mataifa ulitangaza siku iliyofuata kwamba askari wasiopungua 14 wa Tanzania walikuwa wameuawa. Tanzania iliwalilia kwa hesabu inayojulikana, na kikosi chake kiliendelea kubaki Kongo.