Kabla hujamlipa mnasihi wa mtandaoni akusaidie kusamehe, muulize swali hili

Ujumbe uliingia saa tano usiku kutoka Muscat. "Asalaam aleikum dada. Eti na kusamehe mnatibu?"

Mimi ni mnasihi wa mtandaoni, yaani mshauri nasaha. Niliusoma asubuhi nikiwa kibandani nasubiri chai, nikajibu kwamba tunaweza kuzungumza. Mama huyo alikuwa amefanya kazi Oman miaka saba, na kila mwisho wa mwezi akimtumia kaka yake pesa za kujenga nyumba Mombasa. Kaka naye alikuwa akirudisha picha: msingi, kuta, kenchi, mabati. Aliporudi likizo alikuta kichaka. Picha zote zilikuwa za nyumba ya mtu mwingine. Familia ikaitisha kikao, wazee wakakaa, mama mzazi kitandani anaumwa. Akaambiwa damu ni damu, mwachie Mungu, mama asiondoke duniani wanawe hawasemezani. Akasema mbele ya watu wote, "Nimesamehe." Akapanda ndege, na tangu siku hiyo usingizi ukampotea. (Ameniruhusu kuyaandika haya, na nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike.)

Kilichonifanya nikae chini niandike ni aliyonieleza baadaye. Kabla yangu alikuwa ameshampata mnasihi mwingine kupitia tangazo mtandaoni, akalipa. Kikao cha kwanza, hata nusu saa haijafika, akaambiwa ampigie kaka yake papo hapo, aweke simu kwenye spika, amwambie amemsamehe "ili upate uponyaji". Alifunga kompyuta, akakaa miezi mitano bila kumwambia mtu yeyote jambo hili tena. Visa vya namna hii nimevisikia mara nyingi mno kwa watu waliofika kwangu wakiwa wamechomwa mara mbili, kwanza na aliyewakosea, kisha na aliyelipwa kuwasaidia.

Kwa hiyo swali lenyewe ni hili, na liulize kwenye simu ya kwanza kabla hujatuma hata shilingi: "Itakuwaje tukimaliza vikao vyetu na bado sijamsamehe?"

Kisha nyamaza usikilize. Mnasihi anayeijua kazi hii atakwambia kwamba uamuzi ni wako, kwamba kazi yake ni kukusaidia uubebe mzigo bila kukuvunja mgongo, na kwamba wapo watu wanaopona vizuri bila kufika kwenye msamaha. Huenda akakuuliza, "Nani anataka usamehe, wewe au wao?" Hilo likija, umempata mtu. Lakini akikujibu "usijali, utasamehe tu", au akikukatiza kwa aya ya kitabu kabla hajajua hata nini kilikupata, mshukuru kwa muda wake na utafute mwingine. Anayekuja kwetu na jambo la kusamehe amekwisha kuambiwa "samehe" na shangazi, na jirani, na mwenyekiti wa kikao cha familia. Akilipa pesa ili aambiwe tena neno lile lile, amenunua mzee mwingine wa ukoo.

Nataka kukaa kidogo kwenye neno lenyewe, maana Kiswahili kinatubebesha mengi hapa. Ukimkanyaga mtu kwenye matatu unasema samahani. Serikali ikifuta deni inatangaza msamaha wa kodi. Na aliyekudhulumu nyumba ya miaka saba naye anaomba msamaha. Neno moja limebeba adabu, hesabu na jeraha. Ndiyo maana mtu husema "yameisha" kikaoni akimaanisha shauri limefungwa, na watu wakasikia kwamba moyo umetulia. Hayo ni mambo mawili. Everett Worthington, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeutafiti msamaha kwa miongo mingi, anautenganisha msamaha wa uamuzi na msamaha wa hisia. Unaweza kuamua leo kwamba hutalipiza kisasi, na hasira ikachukua miaka kupungua. Worthington si mtu wa kuzungumzia jambo hili kwa mbali: mama yake mzazi aliuawa na mvamizi nyumbani kwake, mkesha wa mwaka mpya wa 1996. Nilipomweleza yule mama tofauti hiyo alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe sikusema uongo pale kikaoni." Alikuwa amejibeba kama mnafiki miezi yote ile.

Na kusamehe si kupatana. Kupatana kunahitaji watu wawili, na yule mwingine lazima akiri, alipe kinacholipika, aonekane amebadilika. Kusamehe kunaweza kufanyika hata kwa mtu aliyekwisha kufa, au ambaye hutaki tena akanyage mlangoni kwako. Unaweza kumsamehe kaka na bado ukampeleka mahakamani kwa ajili ya pesa zako. Mnasihi anayeyachanganya haya atakurudisha kwenye nyumba iliyokuumiza.

Muulize pia anafanyaje kazi. Huhitaji kujua nadharia, unahitaji kusikia kama ana njia. Robert Enright wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison aliipanga kazi hii katika awamu nne: kwanza kuyafukua maumivu na kuikubali hasira, pili kuamua kama unataka kujaribu, tatu kazi yenyewe ya kumtazama aliyekosa kama binadamu bila kumtetea, na nne kuona umetoka na nini. Angalia hasira imewekwa wapi. Imewekwa mwanzo, na inapewa nafasi yake. Mwaka 1996 yeye na mwenzake Suzanne Freedman walichapisha utafiti wa wanawake 12 waliofanyiwa ukatili wa kingono na watu wa familia zao wenyewe. Kila mmoja alikutana na msaidizi wake mara moja kwa wiki, na kazi ilichukua wastani wa miezi 14 hivi. Miezi 14! Ukiona tangazo linalokuahidi kusamehe kwa vikao vitatu, kumbuka wanawake hao.

Sisemi kila jambo linahitaji muda huo. Njia ya Worthington ina hatua tano: kulikumbuka jeraha, kujaribu kuelewa upande wa aliyekosa, kuutoa msamaha kama zawadi, kujifunga nao, na kuushikilia unapotetereka. Ipo pia kama kitabu cha mazoezi cha saa chache ambacho mtu hujifanyia mwenyewe. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio lake kwa watu zaidi ya 4,500 katika Afrika Kusini, Kolombia, Indonesia, Ukraine na Hong Kong, na kinyongo kilipungua, pamoja na dalili za huzuni na wasiwasi. Kwa rafiki aliyekusengenya au mkubwa wako wa kazi aliyekuonea, huenda hicho kikatosha. Kwa mzazi aliyekupiga utoto wako mzima, tafuta mtu.

Nimemtaja mzazi kwa makusudi. Kesi ngumu kuliko zote kwangu ni za watu walioumizwa na baba au mama, kwa sababu kwetu mtoto ndiye anayeomba radhi kwa mzazi, na mzazi akikunyima radhi unaogopa maisha yako yote hayatanyooka. Mtu wa miaka arobaini ananong'ona mbele ya kamera, anaogopa kulitamka kosa la mama yake kwa sauti, kama vile laana inapita kwenye intaneti. Mnasihi asiyelijua neno radhi kwa uzito huo atadhani mteja anakwepa. Kwa hiyo ushauri wangu kwa walio Uingereza, Marekani au Ghuba: mkiweza, tafuteni mtu mnayeweza kuongea naye kwa lugha mliyoumizwa nayo. Hiyo ndiyo faida kubwa ya mtandao. Kwa Kiingereza watu wengi hunisimulia mambo kama wanasoma ripoti. Wakirudi kwenye Kiswahili, ndipo machozi huja.

Na dini je? Sishindani na sheikh wala mchungaji, wengi wa wateja wangu wanakwenda kote kuwili. Ninachokataa ni aya kutumiwa kama kofi. Aya ya 40 ya Sura Ash-Shura inaitambua kwanza haki ya aliyetendewa uovu, ndipo inataja ujira wa mwenye kusamehe na kusuluhisha. Ile "sabini mara saba" ya Mathayo 18 nayo imetanguliwa, katika sura hiyo hiyo, na maelekezo ya kumwendea aliyekukosea na kumwonyesha kosa lake.

Sasa jambo ambalo matangazo hayalizungumzii. Unapotafuta msaada wa kusamehe kupitia simu, mara nyingi unayetaka kumsamehe yuko chumba cha pili. Mume aliyetoka nje ya ndoa anaangalia mpira sebuleni, na wewe uko chumbani umevaa spika za masikioni ukitafuta maneno. Nimefanya vikao na watu waliokaa ndani ya gari lililoegeshwa, waliopanda juu ya paa pa kuanikia nguo, waliotembea ufukweni Nyali na simu sikioni kama wanaongea na dada yao. Yote yanafaa. Mwulize mnasihi kama anakubali kikao cha sauti tupu, maana video si lazima na inakula bando. Pangeni neno la siri: ukisema, kwa mfano, "hizo dera ni bei gani?", yeye aelewe kuna mtu ameingia na ageuze mazungumzo. Mnasihi anayeona ombi hilo kuwa la ajabu hajafanya kazi na watu wa nyumba zetu.

Kuna pia alama unazoacha. Ukilipa kwa M-Pesa, jina la mpokeaji linabaki kwenye ujumbe na kwenye taarifa ya miamala. Muulize jina gani litatokea. Funga programu ya ujumbe kwa nywila, zima arifa zinazojitokeza kwenye kioo. Na kama uko Oman au Falme za Kiarabu, simu za WhatsApp zimezuiwa huko kwa miaka mingi, kwa hiyo kubalianeni mapema programu inayoruhusiwa ulipo, msije mkapoteza kikao cha kwanza mkisema "unanisikia?"

Majukwaa makubwa ya kimataifa yana urahisi wake, lakini soma masharti ya faragha. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliifikisha BetterHelp, kampuni ya unasihi wa mtandaoni, kwenye makubaliano ya kulipa dola milioni 7.8, ikiituhumu kuwapa Facebook na wengine taarifa za wateja kwa ajili ya matangazo. Kampuni haikukiri kosa. Hata hivyo, fikiria siri ya ndoa yako ikigeuka tangazo.

Kuhusu sifa za kitaaluma, nitakuwa mfupi. Kenya ina Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na chama cha wanataaluma, KCPA. Omba namba ya uanachama na uithibitishe chamani kwenyewe. Marekani leseni hutolewa na jimbo, na kwa kawaida mtaalamu anatakiwa awe na kibali cha jimbo ulilokaa wewe wakati wa kikao. Uingereza jina la mnasihi halilindwi na sheria, kwa hiyo tafuta aliyeorodheshwa kwenye rejista kama ya BACP, chama cha wanasihi cha huko. Tanzania, uliza alisoma wapi, shahada gani, na nani anamsimamia kitaaluma. Kokote uliko, swali la msimamizi usiliache. Hata mimi ninaye, na kesi za usaliti ninampelekea yeye kwanza zinaponigusa.

Kuna wakati kusamehe si kazi ya kuanza nayo. Kama bado unapigwa, kama mwajiri bado ameshika pasi yako, kama mtoto yuko hatarini, kazi ya kwanza ni usalama. Kenya namba 1195 ni ya ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya watoto, Kenya na Tanzania pia. Kama unafikiria kujidhuru, usisubiri miadi ya mtandaoni ya wiki ijayo, nenda hospitali iliyo karibu leo, na mwambie mtu mmoja unayemwamini akusindikize.

Yule mama wa Muscat tulikutana naye kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, kwa muda wa karibu mwaka. Hakumpigia kaka yake. Alimwandikia barua ambayo hakuituma, akapiga hesabu ya kila riali aliyotuma, akalia kwa ajili ya ile nyumba kama mtu anayelia msiba, na wakati fulani katikati ya hayo usingizi ukarudi. Mama yao alifariki tukiwa bado tunaendelea. Alimwona kaka yake mazikoni, wakapeana mikono, akasema mkono wake haukutetemeka. Kama amesamehe au la, sijawahi kumuuliza.

Ukiwa hujui uanzie wapi, huu ndio ujumbe ninaowapa watu wautume kwa mnasihi yeyote wanayemfikiria. Unakili, ubadilishe utakavyo:

"Habari. Natafuta msaada kuhusu mtu wa karibu aliyeniumiza. Sijui bado kama nataka kumsamehe. Ningependa kujua umesomea wapi, nani anakusimamia, bei yako kwa kikao, na kama tunaweza kuongea kwa sauti tu. Tafadhali usinipigie, niandikie kwanza. Na swali moja: itakuwaje tukimaliza na bado sijamsamehe?"