Nandigram: eneo bunge ambalo historia yake imeandikwa na ardhi

Tarehe 2 Mei 2021 chama cha Trinamool Congress kilizoa viti 213 katika bunge la jimbo la West Bengal, mashariki mwa India, bunge lenye viti 294. Siku hiyohiyo kiongozi wa chama hicho, Mamata Banerjee, ambaye alikuwa waziri kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya jimbo, tangu 2011, alishindwa katika eneo bunge alilogombea mwenyewe. Alipata kura 108,808. Mpinzani wake, Suvendu Adhikari wa BJP, chama cha utaifa wa Kihindu, alipata 110,764.

Eneo hilo ni Nandigram. Kwa sisi tunaotoa elimu ya mpiga kura, ni darasa zuri kuliko miji mingi mikubwa, kwa sababu linaonyesha jinsi hesabu ya kura inavyobaki bubu mpaka mtu ajue watu walikuwa wakigombania nini.

Nandigram iko wilaya ya Purba Medinipur, ng'ambo ya mto Haldi ukitokea mji wa bandari wa Haldia. Watu wake wanaishi kwa mpunga, samaki wa mabwawa na tambuu. Wana desturi ya zamani ya kutoburuzwa. Mwaka 1942, wakati Waingereza wakitakiwa waondoke India, wananchi wa ukanda huo wa Tamluk walijiundia serikali yao wenyewe, nayo ikadumu hadi 1944.

Baada ya uhuru, kwa sehemu kubwa eneo hilo lilikuwa ngome ya CPI, chama cha kikomunisti ambacho baadaye kilikuwa mshirika mdogo katika muungano wa vyama vya kushoto ulioitawala West Bengal kuanzia 1977. Ngome hiyo haikujengwa kwa maneno matupu. Serikali ya muungano iligawa mashamba, na kuanzia 1978 ikawaandikisha wakulima zaidi ya milioni moja waliokuwa wakilima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, ili wasifukuzwe ovyo. Mkulima aliyepata usalama wa shamba lake alijua kura yake aipeleke wapi. Mwaka 2006 muungano huo ulishinda viti 235, na Nandigram ikabaki mikononi mwa CPI.

Miezi michache baadaye serikali hiyohiyo, chini ya waziri kiongozi Buddhadeb Bhattacharjee, ilitaka kutwaa ardhi ya Nandigram kwa ajili ya viwanda vya kemikali vya kampuni ya Salim kutoka Indonesia. Sheria iliyotumika kutwaa ardhi wakati huo ilikuwa ya mwaka 1894, yaani ya kikoloni. Tangazo lilipobandikwa mwanzoni mwa 2007, wanakijiji waliunda kamati ya kupinga kuhamishwa, wakachimba barabara na kuvunja madaraja ili maofisa wasiingie. Tarehe 14 Machi 2007 polisi walikwenda kwa nguvu. Watu 14 waliuawa.

Mradi ulifutwa, lakini imani haikurudi. Kiti kilipokuwa wazi, uchaguzi mdogo wa Januari 2009 ulimpa ushindi Firoza Bibi wa Trinamool, mama aliyempoteza mwanawe katika risasi zile. Mwaka 2011 alishinda tena, na mwaka huo muungano wa kushoto ukaondoka madarakani baada ya miaka 34. Bhattacharjee naye alipoteza kiti chake cha Jadavpur. Bunge la India lilipitisha sheria mpya ya ardhi mwaka 2013: kampuni binafsi ikitafutiwa ardhi, asilimia 80 ya familia zinazoguswa lazima zikubali kwanza. Damu ya Nandigram imo katika sheria hiyo.

Sasa tusome takwimu mbili kwa pamoja. Mwaka 2016 Adhikari, mmoja wa waliosimama mstari wa mbele katika harakati za ardhi, aligombea kwa tiketi ya Trinamool akamshinda mgombea wa CPI kwa tofauti ya kura 81,230. BJP ilipata kura elfu kumi na kidogo tu. Desemba 2020 akahamia BJP, na mwezi uliofuata Mamata akatangaza kwamba angemfuata hukohuko Nandigram. Mtu yuleyule, eneo lilelile, na tofauti ikashuka hadi 1,956.

Wengi huishia kusema kwamba Adhikari alihama na watu wake. Ni kweli, ila haitoshi. Tazama kura za kushoto: 53,393 mwaka 2016, na 6,267 tu mwaka 2021. Kambi nzima ya wapiga kura iliyeyuka, na kampeni ikawa ya pande mbili. Swali la ardhi lilikuwa limeshapata jibu. Nafasi yake ikachukuliwa na swali la dini, Wahindu na Waislamu, ambao mwaka 2007 walikuwa wamelinda mashamba bega kwa bega. Kwa maoni yangu hilo ndilo badiliko kubwa na la kuhuzunisha zaidi katika rekodi yote ya eneo hili.

Kura zile 6,267 ni zaidi ya mara tatu ya tofauti ya ushindi. India, kama ilivyo kwa wabunge wa majimbo ya uchaguzi Kenya na Tanzania, mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi. Hakuna duru ya pili wala sharti la kuvuka nusu. Mgombea wa tatu mwenye kura chache anaweza kuwa na uzito mkubwa.

Kuhusu Mamata, Katiba ya India inaruhusu mtu asiye mbunge kuwa waziri kwa miezi sita tu. Aliapishwa tena kuwa waziri kiongozi tarehe 5 Mei, akapeleka shauri la kupinga matokeo katika Mahakama Kuu ya Calcutta, na mbunge wa chama chake akajiuzulu kumwachia nafasi Bhabanipur, jijini Kolkata. Uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 30 Septemba, akashinda kwa tofauti ya kura 58,835. Adhikari alibaki na Nandigram, akawa kiongozi wa upinzani bungeni.