Kusafisha tumbo hakuponyi baridi yabisi

Imani hii imekaa miaka mingi Kisumu na kote magharibi mwa Kenya: viungo vikivimba, tumbo lina uchafu, basi mtu anywe dawa ya kuharisha na aache nyama nyekundu, atapona.

Habari ya nyama inatoka kwa ugonjwa mwingine, jongo, unaoletwa na asidi ya yuriki kuzidi mwilini. Kwenye baridi yabisi, kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia utando wa viungo. Hakuna uchafu wa kutoa.

Utumbo una nafasi yake, ni kweli. Ukila wimbi, maharagwe au mrenda, nyuzinyuzi hufika utumbo mpana bila kumeng'enywa. Bakteria wa huko huzichachua na kutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kusaidia kutuliza kinga. Kwa hiyo chakula kizuri kinasaidia, lakini hakichukui nafasi ya dawa.

Ninaowahofia zaidi ni wanaotumia methotrexate, dawa ya kutuliza kinga kwenye baridi yabisi. Ukiharisha sana unapoteza maji, figo zinaelemewa, na dawa inakaa mwilini kupita kiasi hadi ikawa sumu. Ukiiacha ili "usafishwe", viungo vinaendelea kuliwa, na mfupa ulioharibika haurudi ulivyokuwa. Tafadhali zungumza na daktari kwanza.

Omena na mala endelea navyo. Ugonjwa wa kinga ambao tiba yake ni chakula chenyewe ni seliaki, ambapo ngano huifanya kinga ishambulie utumbo: mgonjwa huacha chapati na mkate wa ngano maisha yake yote, ila ugali wa mahindi matupu anakula.