Mpokeaji wa chuo kidogo hadi NFL: dhana potofu na ukweli

Katika futiboli ya Kimarekani, mpokeaji hujipanga pembeni mwa uwanja, hukimbia njia aliyopangiwa na kudaka pasi ya kwotabeki, yaani mrushaji wa mpira. Kila anapong'ara katika NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo, mmoja aliyetoka chuo kisichojulikana, watu husema ni muujiza. Neno hilo linamnyima haki mchezaji, kwa sababu kazi iliyomfikisha hapo inaweza kuelezwa hatua kwa hatua.

Dhana: Ukicheza chuo kidogo hakuna atakayekuona.

Jerry Rice alicheza chuo cha Mississippi Valley State, akadaka pasi 27 za tachidauni (kufunga kwa kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) katika msimu wa 1984. Mwaka uliofuata San Francisco 49ers walibadilishana nafasi na timu nyingine ili wamchukue wa 16 katika raundi ya kwanza ya drafti, utaratibu wa timu za NFL kuchagua wachezaji wapya kwa zamu. Andre Reed wa Kutztown, chuo cha Daraja la Pili (ngazi ya kati kati ya tatu za michezo ya vyuo), alichaguliwa mwaka huohuo katika raundi ya nne. Wote wawili wako kwenye Jumba la Heshima la futiboli. Maskauti, yaani wasaka vipaji wa timu, hutazama video za vyuo vya ngazi zote. Wanachotilia shaka ni uwezo wa mabeki ambao mchezaji aliwashinda, na ndiyo maana mpokeaji wa chuo kidogo hatakiwi kuwa mzuri tu: video yake lazima ionyeshe kwamba wapinzani walizidiwa wiki baada ya wiki.

Dhana: Aliye chuoni kwa ajili ya mpira amelipiwa kila kitu.

Vyuo vya Daraja la Tatu havitoi ufadhili wa michezo kabisa. Daraja la Pili huruhusu ufadhili kamili 36 kwa timu nzima ya futiboli, na makocha huugawa vipande vipande. Mpokeaji Adam Thielen alianza chuo cha Minnesota State kwa ufadhili wa dola 500.

Dhana: Mbio za yadi 40, jaribio la kasi kabla ya drafti, ndizo zinazoamua.

Hapa ndipo vijana wengi wanapopotea, wakimaliza miezi yote ya mazoezi wakikimbia mstari ulionyooka. Cooper Kupp wa chuo cha Eastern Washington alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.62 mwaka 2017, muda wa polepole kwa nafasi yake, akachaguliwa wa 69. Mwaka 2021 aliongoza ligi kwa pasi alizodaka (145), kwa yadi alizosogeza mpira kwa pasi hizo (1,947) na kwa tachidauni za kudaka (16).

Kwotabeki wa NFL mara nyingi huachia mpira kabla mpokeaji hajageuka. Ikiwa njia ni ya kukata ndani baada ya hatua tatu, hatua ya tatu lazima itue kwa mguu wa nje, mwili umeinama, kisha kona ikatwe mara moja. Ukiongeza hatua ya nne, mpira utafika mahali ambapo wewe hupo na beki yupo. Kosa jingine ni kuinua kifua na kupiga vihatua vifupi kabla ya kugeuka. Beki aliyekomaa husoma ishara hiyo mapema na kuanza kuufuata mpira wakati mpokeaji bado anapunguza kasi.

Kisha kuna kubanwa. Katika vyuo vidogo mabeki wengi husimama yadi saba nyuma kwa kuhofia kasi. Katika NFL beki anaweza kusimama mbele ya uso wako na kukusukuma ndani ya yadi tano za kwanza. Asiyejua kuipangua mikono hiyo hatoki hapo, hata awe na miguu ya swala.

Dhana: Sheria ni zilezile, kinachobadilika ni ukubwa wa watu.

Chuoni, ukidaka pembeni, mguu mmoja ndani ya mstari unatosha. NFL inataka miwili, kwa hiyo mazoezi ya kuburuza ncha ya mguu wa pili huanza upya kabisa. Chuoni pia ukianguka umemaliza, hata kama hukuguswa. NFL inakuruhusu kuinuka na kukimbia mpaka mpinzani akuguse ukiwa chini.

Dhana: Usipochaguliwa kwenye drafti, safari imekwisha.

Thielen hakuchaguliwa mwaka 2013. Aliingia kambi ya majaribio ya Minnesota Vikings bila mkataba, akakaa msimu mzima kwenye kikosi cha mazoezi, na mwaka 2014 akabaki kikosini kwa sababu ya vikosi maalumu, yaani kazi za mateke na marudisho. Msimu huo alizuia teke la Carolina Panthers, akauokota mpira na kufunga. Nafasi ya kudaka mara kwa mara ilikuja baadaye. Mwaka 2018 alifungua msimu kwa mechi nane mfululizo za yadi 100 au zaidi.

Mpokeaji wa tano au wa sita katika orodha ya timu asiyeweza kukimbia chini ya teke na kumwangusha mrudishaji ni vigumu apate jezi siku ya mechi. Kocha huhesabu viti, na hicho ni kiti cha watu wenye kazi mbili.

Marques Colston wa chuo cha Hofstra alichaguliwa wa 252 kati ya 255 mwaka 2006, akapata yadi 1,038 msimu wake wa kwanza. Februari 2010 alishinda Super Bowl, fainali ya NFL, na New Orleans Saints, na tachidauni ya kwanza ya wapinzani wao, Indianapolis Colts, ilidakwa na Pierre Garçon wa Mount Union, chuo cha Daraja la Tatu. Miezi miwili kabla ya mechi hiyo Hofstra walikuwa wameifuta timu yao ya futiboli.

Dhana: Akisaini tu, ametajirika.

Asiyechaguliwa kwenye drafti husaini miaka mitatu, kwa kawaida na dhamana ndogo sana. Kambi huanza na wachezaji 90, na mwishoni mwa Agosti hubaki 53. Wengine 16 huingia kikosi cha mazoezi. Mwaka 2024 chipukizi wa kikosi hicho alilipwa dola 12,500 kwa wiki, na angeweza kuachwa wakati wowote. Kima cha chini cha chipukizi kwenye kikosi cha 53 kilikuwa dola 795,000 kwa msimu, kabla ya kodi na malipo ya wakala. Pensheni huhitaji misimu mitatu inayohesabiwa.