Umeacha nyama, sawa, lakini mboga iko wapi?

Juzi kaja dada mmoja ofisini, miezi minne hajagusa nyama, samaki, mayai wala maziwa, anasema kachoka hajielewi na kilo zimepanda. Nikamwambia haya, jana umekula nini? Asubuhi chai ya rangi na chapati mbili, mchana wali na mchicha, jioni chipsi na kachumbari, katikati hapo soda. Sasa hapo kweli hakuna mnyama hata mmoja, ila na chakula chenyewe hakuna.

Mi ni mtu wa lishe na kosa hili naliona karibu kwa kila vegani mpya (asiyekula chochote cha mnyama) anayekuja. Si unajua kwetu ukiuliza leo mboga nini unajibiwa mboga nyama, mboga dagaa, mboga maharage, yaani mboga ni chochote kinachoshusha ugali. Mtu akitoa nyama, ile nafasi anaweka vijiko viwili vya mchicha halafu mlima wa ugali ndo unakua, kilo zisipande kwa nini?

Kwa hiyo ninachowaambia watu ni kwamba ugali uache ulivyokuwa au upunguze, kazi ifanyike kwenye mboga. Kunde, choroko, mbaazi, dengu, njugu mawe, soya, kikombe kizima kilichoiva sio upawa mmoja wa mchuzi. Kikombe cha maharage kina protini kama gramu 15, na mtu wa kilo 60 anahitaji kama 48 kwa siku, ukijumlisha karanga na hata huo ugali wenyewe unafika bila kununua poda ya bei mbaya. Makande bibi zetu walipika zamani sana, kwenye protini mahindi yanakosa kitu fulani maharage wanacho na maharage nao hivyohivyo, tena sio lazima viwe sahani moja, ukivila ndani ya siku hiyohiyo inatosha.

Gesi? Ndio, wiki za mwanzo tumbo litanguruma, hasa kama ulikuwa unakula maharage mara moja kwa mwezi. Anza kidogokidogo, loweka usiku kucha, maji mwaga, pika kwa maji mapya. Kuloweka kunasaidia na madini ya chuma na zinki yaliyofungwa mle ndani yafyonzwe vizuri zaidi.

Sasa dagaa. Watu wanalilia protini wakati dagaa alikuwa anakupa na kalsiamu kwa sababu unamla na mifupa yake, ukimtoa yeye na maziwa kwa pamoja hilo pengo mchicha hauzibi, kalsiamu anayo ila ana oksalati zinazoing'ang'ania. Sukuma wiki na chainizi zinakupa kirahisi zaidi. Na chumvi iwe yenye madini joto, hizi za mawe za bei kali nyingi hazijawekewa.

Halafu vitamini B12, hapa sibembelezi mtu. Kwenye mimea haipo ya kutegemea, spirulina (ule unga wa kijani wa majini) haihesabiki, uyoga hauhesabiki, na mtu asikudanganye eti mboga isiyooshwa vizuri ina B12, hiyo utapata minyoo tu. Ini linatunza akiba ya miaka kadhaa ndo maana wengi wanajiona wazima, baadaye ndo ganzi miguuni, kusahausahau, na ubaya mwingine folate, vitamini nyingine ya kwenye majani na maharage inaweza kuficha upungufu kwenye damu huku mishipa ya fahamu inaumia kimyakimya. Meza kidonge, angalau mikrogramu 10 kila siku au kile cha 2,000 mara moja kwa wiki. Mjamzito au anayenyonyesha asianze hivihivi bila kuonana na mtaalamu.

Yule dada nilimuandikia vipimo vya damu, nikamwambia mchicha akamulie limau na baada ya kula atafute pera au chungwa maana vitamini C inasaidia chuma kuingia, mpaka hapo anaitikia vizuri tu. Nilipofika kwenye chai, kwamba ile ya pembeni ya sahani inazuia chuma, isogee angalau lisaa limoja baada ya kula, hapo ndo ugomvi ulipoanza. Nyama kaacha siku moja, chai tumevutana nusu saa nzima, mwisho tumekubaliana ihamie saa kumi jioni na kaondoka kanuna.